Mdomo wa Mwenye Shingo

Juzi nilimwona tena kwenye televisheni ya mwanangu, bibi kikongwe wa mvi na makunyanzi, amekaa kwenye kiti cha magurudumu akimkaripia daktari. Mwanangu akaniuliza, "Mama, unamjua huyu?" Nikamwambia namjua kuliko ninavyomjua mkewe, naye akanuna. Lakini ni kweli. Mwigizaji yule wa Kimarekani ameonekana kwenye sinema zaidi ya miaka hamsini, ametunukiwa tuzo na wakubwa wa kwao, na katika miaka yote hiyo iko mitatu ambayo hapa Msambweni hakuwa na sauti ila yangu.

Ilikuwa miaka ya mwanzo ya Uhuru. Mtu mmoja wa Mombasa, mwenye mashine ya sinema na gari bovu, alikuwa akija kila mwezi na mikanda iliyokwisha kuzunguka mijini hadi ikawa inakatikakatika. Usiku aliwaonyesha wanaume uwanjani. Jumamosi baada ya adhuhuri ilikuwa zamu ya wanawake, ndani ya ukumbi, madirisha yamezibwa kwa magunia. Kwa kuwa yeye ni mwanamume, mashine iliwekwa nje barazani ikapiga mwanga kupitia dirisha moja lililoachwa wazi, naye alikaa huko huko asituone. Sisi tulivua mabuibui, tukajipanga mikekani, na mimi nikasimama kando ya shuka nyeupe kufasiri.

Kiingereza nilikipata shule ya bweni. Wasichana wa kwetu waliokijua hawakuzidi vidole vya mkono mmoja, na wenzangu walikuwa na haya. Mimi sikujaliwa haya nyingi. Nilisema kwa sauti ya kufika nyuma kabisa: "Anasema ana njaa. Anasema huyu bwana ni mwongo. Anasema ataolewa." Kila mara nilianza na "anasema", ili nisije nikadhaniwa kuwa maneno ni yangu.

Yule mwigizaji alikuwemo karibu kila mwezi. Sisi tulimwita mwenye shingo, maana alikuwa nayo ndefu, na alipokasirika aliiinua badala ya kupiga kelele. Tatizo mikanda haikuja kwa mpango. Mara ya kwanza tulimwona ni mama wa makamo anayemzika mwanawe. Mwezi uliofuata ni kijakazi wa miaka ishirini, kazi yake kufungua mlango na kusema "Karibu, bwana." Halafu ana nywele za mvi, halafu anacheza dansi na mabaharia. Wanawake wakagawanyika makundi mawili. Wako waliosema hao ni mama na binti, na wako walioshikilia kuwa anakunywa dawa ya kurudi ujana. Nilieleza mpaka nikachoka kwamba ni mtu mmoja, amefanya kazi hiyo tangu ujana wake, na kwamba aliyeanza kwa kufungua mlango sasa anafunguliwa mlango na wengine. Hakuna aliyenisikiliza.

Bibi yangu, mama wa babangu, hakuingia katika ubishi huo. Alikaa mbele siku zote, miguu ameinyoosha, tambuu mdomoni, akimtazama yule mwanamke bila kupepesa. Hakucheka palipochekesha. Nilimwogopa bibi, na nasema wazi, kwa sababu watu wa siku hizi hupenda kuwapaka asali bibi zao.

Nilipotimiza miaka kumi na saba nikapata barua ya kuitwa chuo cha ualimu. Babangu, aliyekuwa karani huko Kwale, aliisoma mara mbili, akaikunja. "Mamangu akiridhia, utakwenda," akasema. "Asiporidhia, mimi sina la kufanya." Wiki hiyo hiyo ikaja posa kutoka Gazi. Kijana alikuwa mfanyabiashara wa boriti za mikoko, mtu mzima mwenye heshima, sikuwa na kosa la kumtia. Ila sikumtaka. Nilitaka kusimama mbele ya ubao na chaki. Kati ya barua na posa alikuwa amekaa bibi, na bibi hakusema kitu.

Jumamosi ile mama wa kijana akaja mwenyewe kutoka Gazi. Alisema amekuja kutazama sinema, na kila mtu alijua amekuja kunitazama mimi. Bibi akamkalisha ubavuni mwake, mbele kabisa, hatua tatu kutoka niliposimama.

Mkanda ulikuwa mpya kwangu. Mwenye shingo ni mjane wa shambani. Mumewe amezikwa, na jamaa wa marehemu wamekutana mezani: mama mkwe, ndugu wawili, mzee mmoja wa kanisa. Wanamwambia shamba haliwezi kukaa bila mwanamume, basi aolewe na mdogo wa mumewe. Nilifasiri hayo yote sawasawa. Ukumbi ukatulia, maana jambo hilo hatukuhitaji kuelezwa na Mmarekani. Kwetu nako mjane alikuwa akirithiwa.

Yule mwanamke alikuwa akifuta meza kwa kitambaa. Akaacha kufuta. Shingo ikainuka. Akasema kwa upole kabisa kwamba hataki.

Nikaona macho ya bibi yako kwangu. Nikaona na ya mama wa Gazi. Nikawaza, nikisema hivyo watasema hayo ndiyo mafunzo ya Kizungu, na barua yangu itakwenda kuwashia moto. Kinywa kikafunguka chenyewe. "Anasema," nikasema, "shauri ni lenu, wakubwa zangu."

Uongo wa kwanza ni mwepisi. Kazi ilianza pale yule mwanamke alipofunga sanduku lake, akatembea peke yake hadi stesheni na kupanda garimoshi. "Mbona anaondoka?" mtu akauliza nyuma. Nikajibu anakwenda kuwaaga wazazi wake. Mashine ikasimama ili mkanda wa pili ufungwe. Mkanda ukaendelea, na mwenye shingo yuko mji mwingine, ameajiriwa duka la mikate, anakata kipande, anakula amesimama, anacheka peke yake. Nikasema anangoja siku ya harusi. Ndugu wa marehemu akamfuata mpaka dukani kumsihi, naye akamrudishia pete ya marehemu mkononi. Nikasema anampa aitengeneze. Wengine wakaguna. Kila nilivyoziba tundu moja, jingine lilitoboka, na yule mwanamke maskini akaendelea na maisha yake juu ya shuka huku mimi namrudisha nyuma kwa wakwe zake.

Ilipokwisha, mama wa Gazi akainuka, akanishika kidevu.

"Umefasiri kwa adabu, mwanangu," akasema. "Nilidhani waliosoma wana ndimi kali. Nimeridhika, alhamdulillahi." Kisha akamgeukia bibi. "Tusikawie. Kesho baada ya laasiri wazee waje wamuulize."

Nilikuwa nimejichimbia shimo kwa ulimi wangu mwenyewe. Nilitaka kupendeza ili niachwe niende zangu, kumbe nimependeza mno. Bibi akajibu tu, "Haya, inshallah," akafunga buibui lake.

Kwa wasiojua, niseme namna ya kuulizwa. Msichana hukaa chumbani na mwanamke mmoja mkubwa wa kwao, ambaye ndiye huwaambia wazee kwamba ameridhia. Wazee husimama nje ya pazia, wakamwuliza mara tatu kama amemridhia fulani. Akinyamaza, ameridhia. Mwari hatarajiwi kusema. Kimya chake ndicho jibu, nacho huhesabiwa kuwa ni haya njema. Tangu utotoni tulifunzwa kwamba siku hiyo ni ya kuinamisha kichwa.

Asubuhi bibi alinikuta uani nakuna nazi. Akakaa kwenye kigoda mkabala nami.

"Yule mwanamke wa jana," akasema. "Pale mezani. Alisema nini?"

"Bibi, nilifasiri…"

"Njia ya mwongo ni fupi, nawe jana uliimaliza yote. Nakuuliza alisema nini."

Nikaacha kukuna. "Alisema hataki."

"Alipaza sauti?"

"La. Alisema polepole."

"Na wao wakafanyaje?"

"Walikasirika. Kisha akaenda zake."

Bibi akatazama mikono yangu yenye machicha. "Miaka mitatu nakwenda kumtazama yule," akasema. "Analia, anacheza, anazeeka, anarudi ujana, basi. Jana kafanya jambo la maana, nawe ukamnyang'anya. Kwa nini?"

"Niliogopa."

"Uliniogopa mimi?"

"Ndiyo, bibi."

Nilidhani atanipiga. Badala yake akaanza kunieleza habari ambayo sikuwahi kuisikia nyumbani kwetu, ya kwamba babu niliyemjua alikuwa mdogo wa babu yangu halisi. Babu wa kwanza alipofariki, bibi alikaa eda yake, na ilipokwisha tu wazee wakaja mlangoni. "Nikaulizwa mara tatu, kwa haki kabisa," akasema. "Sikudhulumiwa. Lile neno nilikuwa nalo, hapa." Akagusa koo. "Sikujua linatokaje. Nikanyamaza, wakashukuru Mungu, nikazaa na huyo mdogo wake watoto wanne."

Nikamwuliza kama atanisemea.

"Sitakusemea. Ukisemewa hutakuwa umesema. Lakini wakija leo, sitasema kuwa umeridhia mpaka mara ya tatu ipite." Akainuka, akajipangusa leso. "Nazi hiyo haitajikuna yenyewe."

Baada ya laasiri wakaja, ami yangu na wazee wawili wa msikitini. Niliona ndara zao chini ya pazia. Bibi alikaa kitandani kando yangu, magoti yetu yakigusana. Babangu hakuja hata karibu na mlango. Nilisikia kikohozi chake sebuleni.

Ami akasoma alichopaswa kusoma, kisha akauliza kwa jina langu na jina la baba yangu, je, nimemridhia kijana wa Gazi?

Mimi, niliyesema mbele ya wanawake mia kwa sauti ya kufika nyuma, sikuwa na mate mdomoni. Niliufungua mdomo, hewa ikaingia, haikutoka. Ghadhabu ilinipanda juu yangu mwenyewe, na hofu ilikuwa kubwa kuliko ghadhabu.

Akauliza mara ya pili. Nikamtazama bibi, naye akatazama ukuta. Nje mzee mmoja akasema, "Alhamdulillahi, kimya cha mwari ni jawabu."

"Mara mbili si tatu," bibi akasema.

Ndara zikasogea. Ami akakohoa, akauliza mara ya tatu, haraka, kama mtu anayemaliza kazi iliyokwisha.

"Anasema hataki," nikasema.

Ilitoka kwa sauti ya ukumbini, safi, ya kusikika hadi barabarani. Ami akauliza, taratibu, "Nani anasema?"

Bibi hakunisaidia.

"Mimi," nikasema. "Ni mimi, ami. Sitaki."

Nilisikia babangu akivuta kiti sebuleni na kuwakaribisha wazee kahawa, na ndara zikaondoka moja moja chini ya pazia. Bibi alikuwa bado ametazama ukuta, mkono kooni.

"Kumbe linasemeka," akasema, wala hakuwa akiniambia mimi.