Niliahidi Shemeji Kunyamaza, Sasa Karatasi ya Garanti Inauliza

Admin, ukiposti hii ficha jina langu na la bwana wangu, maana watu wa kwake wengi wanasoma hii page. Wasomaji, nawasalimu. Mi ni mama wa miaka ishirini na saba, niko na watoto wawili, mdogo bado ananyonya, tunakaa mtaa wa Carama. Bwana wangu anafanya kazi ya kutoa mizigo bandarini. Mutanisamehe nikikosea, naandika na mtoto mgongoni.

Wakati esansi, mafuta ya gari, ilikosekana kabisa, tuliuza kiwanja chetu tukanunua gari ya umeme. Watu walitucheka: "Mutaijaza umeme na maombi?" Lakini ilitusaidia. Mimi niko na permi ya kuendesha, kwa hiyo kila asubuhi nilikuwa napeleka watoto watano wa majirani shuleni. Sasa garanti ya muuzaji inaisha mwisho wa mwezi huu, na ametupa karatasi mbili tuchague moja. Ya kwanza ni kuongeza garanti: batri na moteri zikifa zenyewe, wanatengeneza. Ya pili wanaiita kinga: ukigonga, kioo kikipasuka, maji yakiingia, wanatengeneza, lakini batri ikichoka yenyewe ni shida yako.

Bwana anataka ya kwanza. Mimi nimebishana naye wiki mbili nikitaka ya pili, na sababu ninayompa si ya kweli.

"We unaogopa mashimo ya barabara, mi naogopa batri," anasema. "Batri ikikufa tutabaki na nini? Kabati yenye magurudumu?" Anacheka, na mimi nacheka, lakini ndani naumia, maana najua yuko sawa.

Ukweli ni huu. Siku ya harusi ya binamu wa bwana wangu, yeye alibaki bandarini, boti ilikuwa imeingia kutoka Kigoma. Kaka yake mkubwa ndiye aliendesha gari yetu kubeba bibi-arusi. Mimi nilikaa nyuma nikishika gauni isikunjane. Mvua ilikuwa kubwa, na kabla ya kufika Mutakura tukakuta maji yanapita juu ya barabara. Shemeji akasimama. Kwa familia yao, gari yenye kubeba bibi-arusi haigeuki; wanasema ikigeuka, siku moja na yeye atarudi kwao.

Shangazi yao akapiga kelele: "Usigeuze! Unataka mutoto arudi kwa mama yake na mabegi?"

Shemeji akaniangalia kwenye kioo. "Shemeji, gari ni yenu. Sema we."

Bibi-arusi alikuwa analia. Nikasema, "Pita tu."

Ndiyo, ni mimi nilisema. Tukapita. Kitu kikagonga chini kwa nguvu, jiwe nafikiri, maji yakafika kwenye milango. Taa nyekundu ya batri ikawaka, ikakaa siku mbili, ikazimika.

Shemeji alikuja nyumbani akiwa peke yake. Huyu ndiye aliyemlea bwana wangu wazazi wao walipokufa, akaacha shule ili mdogo asome. Hata chai hakugusa. "Mama, nakuomba. Ile gari ni kiwanja yenu. Mudogo wangu akijua hatanikemea, ataninyamazia. Ile kunyamaza ndiyo siwezi. Na taa imeshazimika, basi yameisha." Nikamwahidi.

Hayakuisha. Wiki iliyopita taa ikawaka tena nikiwa na watoto wa watu ndani. Gari ikakosa nguvu katikati ya barabara, lori nyuma yetu linapiga honi. Dakika kama mbili, ikaamka. Katoto ka miaka sita kakaniuliza, "Tantine, mbona gari imelala?" Toka siku ile nimewaambia mama zao kwamba naumwa, na bwana wangu maskini ananisukuma niende hospitali. Watoto wa watu sitawapakia tena mpaka hiyo gari ifunguliwe iangaliwe. Hapo sibadiliki.

Shida ni karatasi. Ile ya kuongeza garanti inauliza: gari imewahi kugongwa chini ao kuingia maji? Na wameandika wazi kwamba ukidanganya, yote inakufa. Ile ya kinga haiulizi, ndiyo maana niliipenda, lakini inaanza siku unayotia saini. Maji ya zamani hayamo. Garanti ya sasa bado iko na siku chache, naweza kupeleka gari, ila wakiangalia chini wataona wenyewe kwamba iligongwa, na watakataa.

Juzi bwana akanipa kalamu. "Jaza we, mama watoto, Kifaransa chako ni kizuri na gari unaijua. Mi nitatia saini tu." Nikiandika apana, anasaini uongo wangu bila kujua. Nikiandika ndiyo, ataniuliza lini, na nani alikuwa anaendesha, na mimi nilikuwa wapi.

Dada zangu, zaidi nyinyi mulioolewa kwenye familia yenye mkubwa aliyelea wengine, nianzie kwa nani? Niende kwa shemeji nimwambie aseme mwenyewe, ao niandike ndiyo, nimwekee bwana karatasi mbele, nimwambie asome kwanza? Bwana anaitaka karatasi Jumatatu. Nitasoma maneno yenu yote, hata ya kunitukana. Lakini musiniambie ninyamaze.