Helmeti Aliyoitengeneza Devota

Devota, mzaliwa wa Haneti, alikuwa fundi wa maabara katika chuo kimoja Dodoma. Siku moja mhadhiri wake alivunja kombe la baharini, akamwonyesha ukingo wake kwa hadubini: tabaka juu ya tabaka, kama chapati zilizopangwa.

"Ni chaki tu hii," alisema. "Lakini ufa ukiingia hapa unapotelea kati ya tabaka."

Devota alimfikiria Abeli, mumewe, mwendesha bodaboda. Karibu mwaka mzima alichoma vigae vya udongo vyembamba kama ukucha, akavipanga kwa gundi na kuvibana kwa mashine. Vingi vilipasuka. Mwishowe akapata helmeti moja, nzito, mbaya kwa sura.

"Ndiyo nivae sufuria hii?" Abeli alicheka.

"Vaa, baba Denis. Nimekitengenezea kichwa chako."

Akaivaa. Ile ya zamani, iliyokatika mkanda, akawa anawapa abiria.

Ila siku aliyompakia Mwanahawa, muuza vitunguu wa Kondoa, mjamzito, alibadilisha: abiria akampa ile mpya, yeye akavaa ya zamani. Walipokaribia Ihumwa lori liliwagonga. Helmeti ya zamani iliruka kabla Abeli hajafika chini. Alifia palepale.

Baada ya mazishi Mwanahawa alikuja mtaa wa Kikuyu, Dodoma, nyumbani kwa marehemu, na mfuko wa plastiki.

"Pole, dada. Nilimwambia ile mbovu inanitosha. Akakataa. Akasema, 'Hii kaitengeneza mke wangu, mama, vaa usiogope.'"

Devota aliitoa helmeti mfukoni, akaigeuza. Tabaka za juu zilikuwa zimepasuka. Ufa ulikwenda kombo, ukaishia njiani. Ndani palikuwa pazima kabisa. Kazi yake ilikuwa imefaulu, na hilo ndilo lililomchoma kuliko msiba wenyewe.

Chuo kiliiomba, akaitoa. Mhadhiri hakuwa mtu mbaya. Alizungumza kwa upole. "Devota, matokeo haya tusingeyapata maabara."

"Najua," alijibu. Wiki hiyohiyo akaomba ahamishiwe stoo. Vigae sasa wanachoma wengine.

Mwanahawa alijifungua salama. Kila akileta mzigo mjini hupita Kikuyu, mtoto mgongoni, akabisha: "Hodi, dada! Upo?"

Devota hukaa kimya ndani, amemziba Denis mdomo kwa kiganja, mpaka yule mama achoke kubisha. Vitunguu anavyoachiwa mlangoni huwagawia majirani, hapiki hata kimoja.