Dumu la Nanasi Siku ya Posa

Jamani, leo nacheka kwa kuwa miaka imepita, lakini siku ile, mimi mwalimu mzima wa kemia, nilitamani sakafu ya nyumba yetu pale Kibokoni ipasuke inimeze.

Ilikuwa miaka ya tisini, nimeanza kazi juzi tu katika shule moja ya Tudor, nami nimewaahidi wanafunzi kwamba tutachachusha maji ya nanasi kwa hamira, tuyachemshe, tuunase mvuke wake, tupate spiriti ya kuwaka. Basi tukafanya yote hayo, nikapiga kibiriti mbele ya darasa zima, nikakitia kwenye ile spiriti, kikazimika fyuu! (Nilichemsha kwa pupa, maji yakapanda pamoja na spiriti.) Msichana mmoja wa mbele akauliza kwa adabu kabisa, "Mwalimu, hii si chai ya nanasi?" Wakaangua kicheko.

Kwa kiburi changu nikaamua kuchachusha nyingine nyumbani, dumu zima la lita kumi, nipate ya kutosha kuchemsha polepole, tena mara mbili, mpaka iwake. Nikalificha stoo, chini ya ngazi. Siku ya tatu nikaona mapovu yanatoka mdomoni, nikajiambia hiyo ni spiriti yangu inapotea bure, nikakaza kifuniko kwa nguvu zangu zote. (Kilichokuwa kikitoka ni hewa tu, na mimi ndiye niliyekuwa nikiwafundisha watu hivyo!)

Kesho yake, baada ya alasiri, wakaja wazee kumposa dada yangu Zuhura. Baba kavaa kanzu mpya, mama kafukiza udi, kahawa na haluwa zinazunguka, babake mchumba ndiyo kwanza anasema, "Tumekuja kutaka ujamaa," mara buu! Kifuniko kikafyatuka, mlango wa stoo ukafunguka, povu likatambaa taratibu mpaka kwenye mikeka, likalowesha kanzu za wageni, na harufu, ndugu zangu, ilikuwa ya mangwe tupu, kama pale wanapouza tembo la mnazi.

Baba akanigeukia. "N'nini hiyo?"

"Ya shule, baba."

"Shule gani yafundisha ulevi?"

Nikaanza kueleza habari za hamira na sukari, na kila nikieleza nazidi kuzama; mama keshajifunika uso kwa buibui, Zuhura namsikia analia ghorofani. Ndipo ami yake mchumba, mzee wa ndevu nyeupe, akanusa, akatikisa kichwa, akasema, "Nanasi. Siku nne. Bado changa hii, na sukari imezidi."

Sote tukamgeukia yeye.

"Wewe umejuaje?" nduguye akamuuliza.

"Nasikia watu wakisema," akajibu, akakohoa, akaomba kahawa.

Basi posa ikakubaliwa upesi ajabu, maana kila upande sasa ulikuwa na lake la kusitiri. Mimi nilisugua mikeka kwa ndimu wiki nzima, na baba hakunisemesha mpaka siku ya harusi.

Nikaapa sitachachusha kitu tena. Tangu hapo somo lile nalifundisha kwa chaki na ubao tu, na mwanafunzi akiuliza mbona hatujaribu wenyewe, namwambia, bila kumtazama usoni, kwamba vifaa vimevunjika.