Vikaratasi vya Célestine

Mtaa mzima wa Joubert Park ulimjua Célestine kwa mkono wake safi wa kushona. Alitoka Butembo na cherehani moja, na kufikia mwaka 2017 alikuwa nazo tatu, zimebanana sebuleni ghorofa ya tano. Alikuwa mlokole wa kweli kweli, wa kufunga na kukesha, lakini kazi hakuwahi kuikataa, iwe ya nani.

Ndiyo maana mtawa mmoja mzee, mwenyeji wa Taiwani, alipomletea vitambaa vya kahawia ashone majoho saba ya hekalu la Kibudha lililoko milimani, Célestine alikubali papo hapo. Hofu ilikuja baadaye. Mchungaji Ignace wa kanisa lake alikuwa amewafundisha waumini kwamba anayeishonea nyumba ya sanamu huyakaribisha mapepo kwake. Kuirudisha kazi hakutaka, na kuogopa hakuacha. Basi akatafuta njia ya katikati, na hapo ndipo alipojiponza. Aliandika maombi yale yale kwa Kiswahili kwenye vikaratasi saba, akavipaka mafuta ya upako, akavishonea ndani ya pindo, kimoja kila joho. Roho ikatulia.

Baada ya miezi mitatu watawa wakamwalika chakula cha mchana. Gari lilipanda saa tatu nzima, lami ikaisha, mtandao ukakatika, naye akikemea mapepo kimoyomoyo kila kona. Huko juu alikuta ua uliofagiwa vizuri, sanamu ambayo hakuthubutu kuitazama, na watawa saba waliomwinamia kama mkwe. Walikuwa wamesikia watu wa kwao hula ugali, wakampikia. Ulikuwa mabonge matupu. Aliumaliza wote.

Kisha mtawa mkuu, yule yule mzee, akaleta sinia. Juu yake vilipangwa vikaratasi saba, vimenyooshwa na kuzungushiwa maua.

"Tulivikuta tulipopunguza mapindo," alisema kwa Kiingereza cha polepole. "Hapa watu hutupigia mawe getini. Wewe ulituombea huku ukishona. Tusomee kwa lugha yako."

Célestine aliona haya mpaka masikio yakamwaka. Angeweza kutunga baraka yoyote, nani angejua? Lakini kuyabadilisha maombi yaliyokwisha kupakwa mafuta aliona ni dhambi kubwa zaidi. Akasoma yalivyo, kwa sauti tamu ya kubembelezea mtoto: "Bwana, shusha moto wako, uteketeze nyumba hii ya sanamu na wote waliomo." Kisha akawaambia kwa Kiingereza kwamba maana yake ni Mungu awalinde. Watawa wakainama mpaka paji la uso likagusa sakafu, na mmoja alikuwa analia.

Alitoka mbio mbio. Alipokuwa ngazini akivaa viatu, mwanamume mwenye mkasi wa bustani alimsogelea.

"Shikamoo, mama," akasema.

Hakujua kama kuna mtu wa Kiswahili mahali pale.

"Mie Twalib, wa Tanga. Natunza bustani hapa."

"Ulisikia?"

"Nimesikia. Na tangu siku vilipotoka kwenye mapindo nilishavisoma. Nikawaambia mwandiko umenishinda."

"Juu ya nini haukuwaambia ukweli?"

"Walikuwa wamefurahi mno, mama." Akaonyesha kibanda nyuma ya jiko. "Ila mie nalala pale, na mke wangu na binti yetu. Na sisi ulituombea moto?"

Katika maombi yake yote hakuwahi kufikiri kwamba nyumba ile ilikuwa na watu wanaolala ndani. Alijiona mchafu, yeye aliyekuja akikemea uchafu wa wengine. Akaviacha viatu pale pale, akarudi ndani, akapiga magoti mbele ya mtawa mkuu, na kwa Kiingereza chake cha kuungaunga akamweleza kila neno, moto na wote waliomo.

Mtawa akalishika pindo la joho alilovaa.

"Hata katika hili?"

"Nilianza na hilo," Célestine akasema.