Mgeni Aliyelifuata Bondo Lake

Wapo watakaosema nilipigwa na jua. Waseme. Jua la Koboko nimezaliwa nalo, najua linavyoweza kuchezea kichwa cha mtu, na siku ile halikunifanya lolote. Nilikuwa nimekula, nimelala vya kutosha, na akili yangu ilikuwa timamu kama ilivyo sasa ninapoandika. Tena haikuwa usiku. Watu hupenda kusema mambo haya hutokea usiku, kwa sababu gizani mtu anaweza kudanganywa na kivuli. Langu lilitokea mchana mweupe, mlango wazi, kuku wakichakura uani.

Miaka ile ya utawala wa wanajeshi, petroli ilipokuwa adimu kuliko asali, mimi nilijulikana Koboko, mji wetu wa mpakani, kwa jambo moja: pumzi. Nilikuwa muadhini wa msikiti wetu. Nilipoita swala, hata Wakristo waliotoka Ludara kuja sokoni walisimama na mizigo yao kichwani, wakibishana kama nitavuta hewa tena au nitamaliza hivyo hivyo. Sijisifu. Baba yangu, mjukuu wa askari aliyetoka Sudani kama walivyo Wanubi wengi wa mji ule, alikuwa akisema kila mtu hupewa kitu kimoja tu duniani, na mimi nimepewa kifua.

Kifua hicho hakikunitosha. Nikaingia katika biashara ya mabondo.

Labda hulijui bondo. Ni kile kifuko cha hewa kilichomo ndani ya samaki, chini ya uti wa mgongo, kinachomsaidia kuelea majini asizame. La sangara mkubwa, yule tunayemwita mputa, likikaushwa huwa gumu kama ngozi na rangi yake kama chai hafifu. Wanunuzi walilichukua mpakani wakalipeleka mbali, ambako nasikia hupikwa supu ya wageni wakubwa. Waliolila sikuwaona. Nilichojua ni kwamba bondo moja la kutia mfukoni lilinifaa kuliko samaki mzima niliyeshindwa kumbeba, kwa kuwa malori hayakuwa na mafuta na samaki hasubiri.

Basi kule mtoni Naili, ng'ambo ya Arua, tukawa tunatoa bondo na kutupa samaki.

Hapo ndipo penye kosa langu, nami nalisema kwa kinywa changu. Wavuvi wa kule walikuwa na desturi: samaki mkubwa akitolewa wavuni, hupigwa rungu kichwani kwanza, pigo moja, ndipo apasuliwe. Walisema ni heshima yake. Mimi nikaona wananichelewesha.

"Mnampiga wa nini?" nikawaambia. "Hata dini inasema samaki hachinjwi. Huyu ni halali hivi hivi alivyo. Pasua!"

Mvuvi mmoja mzee aliniangalia sana. Akasema, "Sheki, kutochinja ni kitu moja. Huyu bado anakuangalia."

"Acha aangalie."

Wakapasua. Mputa alifunguliwa tumbo akiwa hai, bondo likatolewa, naye akarudishwa majini. Alikuwa akishuka polepole, anapiga mkia, anataka kupanda na hawezi, mdomo unafunguka na kufumbika. Niliona. Usifikiri sikuona.

Baadaye serikali ikatoa amri: bondo lolote litakaloingia barabarani liwe bado limeshikamana na samaki wake. Amri nzuri, nakiri leo. Lengo lilikuwa kwamba huwezi kubeba mabondo ya gunia zima bila kubeba samaki wa lori zima. Wakaweka kizuizi Manibe, ukitoka Arua kuja kwetu, na askari wa samaki mmoja, Mlugbara, mrefu, mwenye maneno mengi.

Nikatafuta njia, na njia ilikuwa nyumbani kwangu. Mke wangu Zaina alikuwa fundi wa kudarizi foronya. Sisi Wanubi bibi harusi hapelekwi kwa mumewe bila mito ya kulalia iliyodariziwa, na mzigo wa bibi harusi haupekuliwi na mwanamume wa nje. Ni aibu kubwa. Hata askari aliijua adabu hiyo. Basi Zaina akawa anashona foronya, mimi nayapanga mabondo makavu katikati ya pamba, tunaifukiza mito udi mpaka macho yanatoka machozi, na shemeji yangu Mariamu anapanda nayo lori akipiga vigelegele tangu Arua.

"Nimedarizi arusi za wasichana ambao hawajazaliwa," Zaina alikuwa akininung'unikia. "Siku moja Mungu atatudai mabibi harusi."

Mara ya mwisho tulipofika Manibe, askari aliegemea ubao wa lori akacheka.

"Sheki! Arusi tena?"

"Tena, afande. Mungu amebariki."

"Huko Koboko wasichana iko naota kama muhogo, ama namna gani?"

"Wewe hujaoa, wivu inakuuma!" Mariamu akamjibu toka juu ya mito.

"Basi mama, nitafutie mumoja. Lakini asinuke udi hivi, nitapiga chafya mpaka asubuyi."

Tukacheka wote. Akainua mti wa kizuizi. Niliingia Koboko nikijiona mwerevu kuliko serikali.

Kesho yake nilimaliza adhana ya adhuhuri, tukaswali, nikarudi nyumbani. Zaina alikuwa amekwenda kwenye arusi ya kweli, kwa jirani. Mito imepangwa ukutani katika chumba cha wageni, ikimsubiri mnunuzi wa kutoka mpakani. Nikasikia hodi.

Alikuwa mwanamume mrefu, mweupe wa macho, amevaa kanzu. Kabla ya kusema alifungua mdomo akaufumba, akaufungua tena, kama mtu anayejaribu maneno yasiyo na sauti. Kisha akasema, "Salamu alekum."

Nikamjibu, nikamkaribisha. Kwetu mgeni haulizwi jina wala shida yake mpaka ale, anywe, apumzike. Ndivyo nilivyolelewa, ndiyo maana sikumwuliza. Lakini niliona mambo mawili. Upindo wa kanzu yake ulikuwa umelowa, na ilikuwa kiangazi, hata visima vilikuwa vimeshuka. Na hakuwa akipepesa macho. Hata mara moja. Jaribu wewe mwenyewe kutazamana na mtu asiyepepesa, uone utastahimili kiasi gani.

Nilimletea kisra, ule mkate wetu mwembamba, akakataa. Nikampa maji. Aliinua kata, akanywa, akachota tena, akanywa, mpaka mtungi ukakauka. Nilipotazama chini, mkeka ulikuwa umejaa maji. Yalikuwa yakimtoka tumboni, chini ya kanzu, yanachuruzika kuelekea mlangoni. Niamini, nilitaka kukimbia. Lakini mgeni hakimbiwi.

"Nimetoka mbali," akasema. "Nipe mto nilaze kichwa."

Ungefanyaje? Mgeni hanyimwi mto. Nikavuta mmoja, nikampa. Akalala, akaweka sikio, akasikiliza.

"Si wangu huu."

Nikampa wa pili. Akasikiliza kwa muda mrefu zaidi. "Huyu namfahamu. Lakini si mimi."

Aliujaribu mto baada ya mto, na kila mmoja aliurudisha mikononi mwangu taratibu, kama mtu anayepokezana mtoto mchanga. Alipofika kwenye mmoja wenye darizi nyekundu, akatulia. Nami nikaona, kwa macho haya, darizi inapanda na kushuka. Mto ulikuwa unapumua.

Akaketi, akafungua kanzu. Tumbo lilikuwa limepasuliwa tangu kifuani hadi chini, safi, bila damu, kama lilivyo la samaki aliyekwisha oshwa. Ndani, chini ya uti wa mgongo, palikuwa na nafasi tupu.

"Ulisema sisi hatuchinjwi," akaniambia, bila hasira. "Kweli. Lakini nani alikwambia hatufi?"

Akaionyesha kwa kidole mito iliyobaki.

"Turudishie vyetu. Vyote. Naili haiko mbali na mtu mwenye lori."

Sasa sikia ujinga wangu, maana hapa ndipo nilipopotea kabisa. Mtu mwingine angepiga magoti. Mimi nilikuwa mfanyabiashara. Nikamfikiria yule mnunuzi aliyekuwa njiani, nikasema, "Chukua wako, bwana mkubwa. Mimi nawe tumemalizana. Hawa wengine hawakukutuma."

Nilikuwa napatana na mfu, msomaji wangu. Napatana naye kama kwenye genge la nyanya!

Akanitazama na yale macho yasiyofumba. Akachana foronya, akatoa bondo lake kwenye pamba, akalitia mahali pake. Lilikuwa kavu lilipoingia. Nililiona likilainika na kujaa. Akavuta hewa, ya kwanza tangu aingie nyumbani mwangu, na chumba kizima kikanuka matope ya Naili.

"Mimi nimekuja kwa langu," akasema. "Wenzangu watakuja kwa yao. Lakini safari ile niliyozama bila pumzi, nimlipishe nani?"

Akanyoosha mkono, akaweka kiganja kifuani pangu. Kilikuwa baridi na chenye utelezi. Hakusukuma. Alikiweka tu, akakiondoa, akatoka. Nilipofika mlangoni, uani palikuwa na kuku na mstari wa maji unaokauka.

Nikajiambia nimechoka. Alasiri ikafika, nikaenda msikitini kama kawaida, nikapanda, nikaweka mikono masikioni, nikaanza. Neno la kwanza lilitoka. La pili likakatika katikati, kama uzi. Nikavuta hewa, nikajaribu tena, likakatika palepale. Chini watu waliinua nyuso. Kulikuwa kimya mjini, kimya cha watu wanaosubiri, na mimi nimesimama mdomo wazi, nafungua na kufumba. Fundi mmoja wa baiskeli akapanda, akanigusa bega, akaimalizia adhana kwa sauti yake ya bati.

Mnunuzi alipokuja niliufunga mlango. Nikawaamsha Zaina na Mariamu alfajiri, tukaipakia mito yote. Hakuna aliyepiga vigelegele.

Manibe yule askari alikodoa macho alipoona mzigo unarudi Arua.

"Ee, sheki! Bibi harusi amerudishwa?"

Nikashuka. Nikamwambia, "Afande, pekua."

"Mimi? Vitu ya bibi harusi?"

"Hakuna bibi harusi. Hakujawahi kuwa na bibi harusi."

Akachana foronya moja, akaingiza mkono, akatoa bondo. Aliligeuza juani. Nilitegemea pingu, na ningezishukuru. Nikamweleza kila kitu, nikisimama kuvuta hewa kila baada ya maneno machache, na nadhani ni hilo lililomfanya aniamini, kwa sababu alikuwa amewahi kuisikia adhana yangu. Akasema, "Panda. Naenda na wewe. Nataka kuona na macho yangu."

Ukingoni mwa Naili tulikuta wavuvi. Yule mzee aliona mito, akaelewa kabla sijasema. Nikayatoa mabondo, nikayatupa moja moja. Kitu kikavu namna ile kingepaswa kuelea, sivyo? Hata jani huelea. Hayakuelea. Kila moja lilizama wima kama jiwe, na mahali lilipozama pakatoka povu moja kubwa. Askari alivua kofia. Hakunishitaki, lakini tangu siku ile alipekua kila mzigo uliopita Manibe, wa maarusi na wa maiti, na watu wakamtukana kwa kukosa adabu. Hakuwahi kuwaeleza kwa nini.

Pumzi yangu haikurudi. Nilidhani nikiyarudisha itarudi. Nilisahau yale niliyokuwa nimekwisha kuyauza ng'ambo ya mpaka, ambayo hakuna lori litakaloyafikia. Wenyewe hawakusahau. Kila kiangazi, jua likiwa utosini, husikia hodi. Huwa ni mgeni mwenye upindo uliolowa. Huomba mto, nami humwambia sina, kwa kuwa hatulalii mito nyumbani kwetu tangu mwaka ule. Husikitika, huweka kiganja kifuani pangu, huondoka. Kila mmoja huenda na pumzi yangu kidogo. Sipatani nao tena.

Zamani nilifikisha sauti hadi sokoni. Sasa huketi safu ya nyuma, na kuitikia tu amina ni kazi.

Kwa hiyo wewe unayenunua mabondo leo, nasikia biashara imerudi kwa nguvu, nakwambia nikiwa mzima wa akili: ukiambiwa umlete samaki mzima, mlete mzima. Akipigwa rungu kwanza, subiri. Na siku utakapopigiwa hodi mchana na mtu asiyepepesa macho, akakuomba vyote, usimpe kimoja tu. Mpe vyote, ungali na pumzi ya kusema, "Chukua."