Kitabu Kilichovalishwa Mfuko wa Unga

Fundi wa programu pale soko la mifugo la Mwingi ana kitabu kinene kuliko tofali: kanuni rasmi za lugha ya kompyuta iitwayo C, alizochapisha kwenye duka la intaneti na kuzivalisha jalada la mfuko wa unga. Ukimuuliza kitu hajibu papo hapo. Analamba kidole, anafunua, anasoma mstari mara mbili midomo ikicheza, kisha anaupiga ukurasa kofi dogo kama anayeua mbu. Abukar, muuza mbuzi, humwita Pasta, kama mhubiri na Biblia yake. Lakini asubuhi hiyo Abukar hakuwa na utani. Mizani mpya ya kompyuta ilikuwa imempa mbuzi wake kilo mia tisa, na wenzake walikuwa wameapa kuing'oa na kurudi kukisia uzito kwa macho.

"Kwa laptopu yangu inafanya sawa," alisema Ndegwa, aliyeandika programu hiyo, mwenye vyeti vya kujaza ukuta.

"Laptopu yako ina bahati," fundi akajibu polepole. Kidole, mate, ukurasa, kofi. "Soma hapa. Usipoweka namba ya kuanzia kwenye nafasi ya kumbukumbu, lugha haiahidi utakuta nini ndani. Hapa kwa uzito hukuweka sifuri."

"Lakini mtandaoni wanasema..."

"Mtandaoni kuna watu, bwana. Hapa kuna sheria."

Akaongeza mstari mmoja kwenye programu, akazima mizani, akaiwasha. Abukar akampandisha mbuzi, jicho moja amelifumba. Kilo thelathini na mbili. Wakazima, wakawasha: thelathini na mbili! Soko zima likapiga mbinja.

"Pasta!" Abukar akapaza sauti. "Hebu tusomee tena huo mstari wa kitabu!"

Fundi akalamba kidole.