Eda ya Mume Aliye Hai

Hayat alimkalia mumewe eda, na kumbe mumewe yu hai. Mtaa mzima wa Buyenzi unalijua jambo hili, na Buyenzi ikishalijua jambo haichoki kulitafuna. Habari ililetwa katikati ya vita na mtu aliyeambiwa na mtu, kwamba Tajudini, yule fundi wa gereji aliyetoroka mjini akaingia msituni kupigana, ameanguka huko Kibira. Maiti haikuonekana. Msikitini wakasoma hitima, wali ukaliwa, na Hayat akajifungia ndani bila wanja wala manukato mpaka eda ikaisha. Alipotoka alikuwa mjane mbele ya macho ya watu wote, na mali yake ilikuwa jiko la makaa na sinia la sambusa.

Sambusa zile alizipeleka Asiatique, mtaa wa maduka makubwa, akakaa kwenye baraza za maduka. Wenye maduka walimvumilia mpaka mteja mzito atokee. Hapo walimfukuza kama kuku aliyeingia sebuleni. Atumani, muuza vipuri, alimposa zaidi ya mara moja, akakataliwa kila mara. Hayat alisema hana haja ya mume. Kisebusebu na kiroho papo, majirani wakanong'ona, lakini safari hii walikosea. Alichokitamani Hayat kilikuwa tanuri. Kila asubuhi mikate ya bulanjeri moja, nyumba ya kuokea iliyo karibu na bandari, ilipita mbele yake vichwani mwa wachuuzi, ingali moto, na harufu yake ilimtia wivu kuliko harusi ya mtu yeyote. Mwenye tanuri, aliwaza, hukaa mlangoni pake, na watu wakamfuata yeye.

Basi vita vilipoanza kutulia, na wapiganaji wakashuka milimani kusalimisha silaha, siku moja Tajudini akasimama mlangoni. Mkono wake wa kulia ulikuwa umekauka, unaning'inia tu. Nyuma yake alisimama mwanamke mrefu mwenye mtoto mgongoni. Hayat alikuwa anakaanga. Alimtazama maiti wake, akaepua karai kwanza, maana mafuta hayaokotwi njiani, kisha akamchapa kwa mwiko mpaka mwiko ukavunjika. Ndipo akalia.

"Na huyu nani?" akauliza, kamasi zikimtoka.

"Concilie," Tajudini alijibu. "Bila yeye mi singefika hapa."

Hayat alimtazama yule mwanamke, akamtazama na mtoto, binti mdogo aliyeitwa Assia, mwenye paji la uso la Tajudini lisilo na ubishi.

"Aingie," alisema. "Mutoto hana kosa."

Uani walicheka kwa wiki nzima: maiti ya Hayat imerudi, tena imerudi na muke! Shehe wa msikiti aliitwa, akasema ndoa ya Hayat ingali imara. Eda ya makosa haikati kitu, maadamu hakuolewa na mwingine. Hivyo Hayat akawa mke tena. Concilie, Mkristo wa Cibitoke, akapewa chumba cha nyuma. Kila mmoja aliwasha moto wake, na mazungumzo yao hayakuzidi ya bombani, nani atangulize ndoo. Tajudini alikaa katikati ya mioto miwili, akila kwa mkono wa kushoto, akijaribu kutoonekana na yeyote.

Haukupita muda, tangazo likaja. Wapiganaji walioachishwa vita, pamoja na wake zao, watatangulizwa mbele ya watu wote kwenye mafunzo ya kazi. Watu wa Buyenzi walinung'unika, na Hayat alinung'unika kwa sauti kuliko wote. "Aliyebeba bunduki anawekwa mbele," alisema, "na sisi tuliokimbizwa nayo tungoje nyuma?" Lakini aliposikia kwamba nafasi mojawapo ni ya kujifunza kuoka mikate, katika bulanjeri ileile ya karibu na bandari, na kwamba anayemaliza atasaidiwa kuanza na tanuri lake, manung'uniko yalimkauka mdomoni. Tajudini hakuweza kukanda unga kwa mkono mmoja. Nafasi yake ingemwendea mkewe. Na serikali, tofauti na shehe, ilitambua mke mmoja tu.

Tangu siku ile Hayat hakulala vizuri. Alijiambia haki ni yake. Ni nani aliyeposwa, akatolewa mahari, akaozwa mbele ya mashahidi? Ni nani aliyefukuzwa barazani miaka yote ile? Ila kila alipojiambia hivyo alimwona Concilie akimwogesha mtoto uani, akimwimbia kwa Kirundi, na haki yake ikapoteza ladha kidogo.

Asubuhi ya kwenda kuhojiwa ofisini kwa mkuu wa zone, Hayat alikuwa anajifunga kitenge chake kizuri Concilie alipokuja akasimama mlangoni. Hakuwahi kuvuka kizingiti kile, na hata leo hakukivuka.

"Da Hayat, niko na neno. Nakuambia ju ujue tu, siyo ya kukuomba."

"Sema."

"Kule kambini, kama huna bunduki ya kurudisha, hawakuandiki kuwa mupiganaji. Bunduki ya Tajudini ilipotea siku ile alipigwa mukono. Mi nilikuwa na yangu. Nilipigana nayo, nilimubeba nayo mugongoni. Nikamupa. Nikamuambia, we ingia na bunduki, mi nitaingia na we, nitakuwa muke yako."

Hayat aliacha kujifunga kitenge.

"Sasa kwa nini usiseme pale ofisini?"

"Nikisema, watamutoa. Watasema alidanganya. Tutakosa wote." Concilie aliweka mtoto vizuri mgongoni. "Mi siwezi kusema. Yeye hawezi. We peke yako ndiye unaweza kuniachia."

Akaondoka. Hayat alibaki na ncha ya kitenge mkononi, na kwa mara ya kwanza tangu Tajudini arudi alimwogopa yule mwanamke. Angemtukana ingekuwa rahisi. Angelia, Hayat angejua pa kumshika. Sasa amemwachia ukweli kama mtu anayekuachia mtoto wake mgonjwa, na mwenyewe huyo keshakwenda zake.

Ofisini wote watatu walikuwa wameketi kwenye benchi. Mzee Akilimali, jirani aliyesimamia ile hitima, alikuja kuwa shahidi, amevaa kofia yake ya Ijumaa. Afisa wa mafunzo, Bwana Sylvère, alikuwa ameshuka kwa gari kutoka Kiriri, mlimani kwa wakubwa, na uso wake ulionyesha kwamba siku ile amekwisha kuona wake wengi na waume wengi.

"Monsieur Tajudini," alisema, "muke yako ni nani?"

Tajudini alitazama kiatu chake. Akakitazama kana kwamba jibu limeshonwa humo. Hayat alimngoja, na katika kule kungoja hasira ya miaka ikampanda. Alimlilia mtu huyu. Aliacha wanja kwa ajili yake. Na yeye hawezi hata kuinua kichwa aseme jina moja, lolote!

"Mzee, wewe je?" afisa akamgeukia Akilimali.

"Hayat ndiye muke yake," Mzee Akilimali alisema. "Tulimuoza sisi. Na tukakosea tukamufanya mujane, Mungu atusamehe. Ila ndoa iko pale pale, shehe amesema."

"Na wewe, madame? We ni nani kwake?"

Concilie hakumtazama afisa. Alimtazama Hayat. Hapakuwa na vitisho machoni pake wala machozi. Alikuwa anangoja tu, kama alivyozoea kungoja bombani ndoo ya mwenzake ijae.

Neno lilikuwepo. Hayat alilihisi mdomoni, fupi, halina hata uzito: mupe yeye. Akalisikilizia. Akafikiria baraza za Asiatique, na zile sauti za toka hapa mama, toka. Akafikiria tanuri. Akafunga mdomo.

"Mi ni mugeni wao," Concilie akasema hatimaye.

Afisa akaandika. Ikawa imekwisha, na nje jua lilikuwa lilelile.

Concilie hakugomba. Aliosha sufuria zake, akakunja mkeka, akafagia chumba cha nyuma mpaka pembeni, wanavyofanya watu wasiotaka kudaiwa shukrani. Kisha akapanda lori la Cibitoke kurudi kwa ndugu zake, kama wangalipo. Tajudini alimsindikiza hadi stendi, akarudi amechelewa, na hakuulizwa kitu. Assia alikuwa amesahau kiatu kimoja bombani. Hayat alikiokota, akakiweka juu ya kabati, akakishusha, akakirudisha tena.

Akaenda kujifunza. Na tusimsingizie: alifurahi. Unga ulimtii. Alijifunza kusikia kwa kiganja kama kinyunya kimeumuka vya kutosha, alijifunza kusogeza mikate ndani ya tanuri kwa ubao mrefu, na wenzake, wengi wao wake za wapiganaji, walimpenda kwa mdomo wake mchangamfu. Siku moja walipokuwa wanakanda, kila mwanamke alianza kusimulia mumewe alipigana wapi na silaha gani. Zamu ya Hayat ilipofika, alisema anakwenda kuangalia moto.

Mkate wa kwanza ambao fundi alikubali kuwa ni mkate, Hayat aliruhusiwa kuupeleka nyumbani. Aliufunga kwa kitambaa akapita nao Asiatique makusudi, katikati ya baraza, asikae popote. Furaha ile ilimfikisha hadi nyumbani. Tajudini alikuwa kizingitini, mkono mkavu juu ya paja. Alimega kwa mkono wa kushoto, akatafuna taratibu.

"Mukate iko muzuri," alisema. "Muzuri kabisa."

"Ni ya Concilie."

Taya la Tajudini likasimama. Alimtazama mkewe, na hii ilikuwa mara ya kwanza kumtazama usoni tangu siku ya ofisi.

"Alikuambia?"

"Asubuhi ile ile. Bado hatujatoka nyumbani."

"Na ukanyamaza."

"Na we ukanyamaza."

Bombani ndoo ya mtu ilikuwa inafurika na hakuna aliyeinuka kuitoa. Hayat aliketi karibu naye kizingitini, akamega kipande chake mwenyewe, akakitia mdomoni. Kilikuwa kitamu, chumvi yake sawasawa, ganda lake linavunjika vizuri. Ikabidi aende kutafuta maji ya kukimezea.